Bango la Mama J: ni "stationary" au "stationery"?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nina kaduka kangu ka steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, nauza peni, madaftari, rimu za karatasi, natoa kopi na kuprinti. Mwezi uliopita nikamuita fundi mabango akaniandikia kwa rangi nyekundu herufi kubwa MAMA J STATIONARY, nikamlipa 80,000 yake nikawa najidai kweli. Sasa juzi kaja mwalimu mmoja, kasimama pale nje anacheka peke yake, namuuliza vipi ticha, ananiambia eti bango linasema Mama J hasogei, kasimama kama nguzo ya umeme. Nimeona aibu mpaka basi. Haya maneno yana tofauti gani, na kama ni vitu viwili mbona yanafanana hivyo? Picha ya bango nimewatumia.
Mama J, Morogoro

JIBU: Pole Mama J, ila huyo ticha naye asicheke sana. Ni kweli kwa Kiingereza cha leo "stationary" yenye a ni kitu kilichosimama tu, gari lililopaki, daladala iliyoganda kwenye foleni, na "stationery" yenye e ndio hivyo vitu vyako, karatasi, bahasha, peni, stepla. Ukiyatamka yanasikika sawasawa ndio maana hata Waingereza wenyewe wanayachanganya, wala sio fundi wako peke yake.

Sasa kwa nini yanafanana, hapo ndio patamu, kwa sababu haya maneno ni baba mmoja mama mmoja. Yote yanatoka kwenye neno la Kilatini "stationarius", na ukilifukua zaidi unakuta "stare", maana yake kusimama. Huko huko ndio ilikotoka stesheni ya treni, na steji ya matatu kule Kenya, na hata hiyo statasi unayoweka WhatsApp kila asubuhi ni mjukuu wa huyo huyo.

Zamani Ulaya wauza vitu wengi walikuwa kama machinga wetu, mzigo mgongoni, leo mji huu kesho gulio lile. Ila muuza vitabu hawezi kutembea na vitabu vyake, vizito halafu bei yake mbaya, kwa hiyo yeye akawa na kibanda chake cha kudumu, mara nyingi jirani na chuo, unamkuta pale pale jana na leo. Wakamuita "stationarius", yaani yule aliyesimama sehemu moja, Waingereza wakalifupisha kuwa "stationer". Kwa hiyo mama, anayekwambia husogei hajakutukana, kakuita jina la kazi yako!

Na usidhani walikuwa wanauza tu. Miaka ya 1200 huko kwenye vyuo vya Bologna na Paris mashine ya kuchapa bado haijaja, kitabu ni cha mkono, sasa huyu jamaa anakuwa na nakala moja iliyohakikiwa, hajaifunga, ameiacha vipande vipande vya kurasa chache chache. Mwanafunzi anakuja anakodi kipande kimoja, anaenda kukinakili au anamlipa mtu amwandikie, akimaliza anarudisha anachukua kinachofuata, huku mwenzake yuko na kipande kingine cha kitabu hicho hicho, na bei ya kukodi inapangwa na chuo. Si ndio madesa hayo? Wanafunzi wako wanaopanga foleni kutoa kopi usiku wa kuamkia mtihani wanafanya kitu kilekile, tofauti ni umeme na tona.

London nao wakaanzisha chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapewa hati ya kifalme, kikawa na nguvu mpaka kwenye mambo ya uchapaji nchini. Baadae kazi zikagawanyika, wa vitabu wakaitwa wauza vitabu, jina la "stationer" likabaki kwa wa karatasi na wino, na vitu anavyouza ndio vikaja kuitwa "stationery", hiyo ni miaka ya 1700 huko. Ile e imetoka kwenye jina la muuzaji mwenyewe, kama "baker" anavyotupa "bakery" na "grocer" anavyotupa "grocery" (ya kwao lakini, grosari ya kwetu unajua mwenyewe kinachouzwa). Ile yenye a ikaenda zake upande wa kutosogea, na moja ya matumizi yake ya zamani kabisa ni kwa sayari, maana ukiziangalia usiku kwa usiku kuna kipindi zinaonekana kama zimesimama angani.

Ya kukumbuka ni rahisi: peni ina e, kwa hiyo duka la peni ni e. Kitu kimekaa tu, kaa ina a, basi ni a. Karatasi usiitumie kukumbukia, itakupoteza, imejaa a mtupu.

Kuhusu bango, hamna haja ya kulifuta lote, mwambie fundi akwangue hiyo A moja aweke E, na kwa 80,000 aliyokula hiyo aifanye bure. Ila mama, hiyo picha tumeikuza kidogo, naona pale chini kaandika "Ramination". Hiyo nimeizungusha kila upande, Kilatini hamna, Kifaransa hamna, ni kosa tu. Aje na rangi ya kutosha.