Nyota ya Kijapani Haifunguliwi kwa Bisibisi Yoyote

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bisibisi za nyota hutofautiana kwa ukubwa tu. Niliachana na imani hiyo siku nilipokuwa nikibadilisha diski za breki za Honda Fit katika gereji ninayofanyia kazi hapa Nakuru. Kila diski ya mbele hushikiliwa na skrubu mbili za nyota, nazo zilikuwa zimeshikwa na kutu; bisibisi yangu iliteleza, ikateleza tena, hadi mifereji minne ya kichwa ikageuka shimo la mviringo. Ilinibidi nitoboe vichwa kwa drili, na kazi ya saa moja ikala alasiri nzima huku mwenye gari akinitazama.

Nyota tuliyoizoea ni ya Phillips, iliyopata hataza nchini Marekani mwaka 1936. Kuta zake zimeinama kidogo, kwa hiyo kadiri unavyozidisha nguvu ndivyo bisibisi inavyosukumwa nje. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yana skrubu za JIS (kipimo cha viwanda cha Japani), na ncha ndefu ya bisibisi ya Phillips hugusa kitako cha tundu kabla mbawa zake hazijajaa mifereji. Skrubu nyingi za aina hiyo zina kitone kidogo kichwani, ingawa kukosekana kwake si uthibitisho wa lolote. Nunua bisibisi ya JIS. Hiyo hufungua hata skrubu za Phillips bila taabu.

Kwa skrubu za diski, tumia bisibisi ya ukubwa namba 3. Namba 2 huingia, na ndiyo maana wengi hudanganyika. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila pigo huisukuma ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja. Hakikisha kwanza imewekwa upande wa kufungua (nimewahi kuigonga mara sita nikiikaza).

Magari ya Ulaya hupenda Torx, nyota yenye pembe sita na kuta zilizosimama, isiyoteleza kwa urahisi. Usijaribu kuifungua kwa ufunguo wa Allen (ule wenye pande sita bapa) unaokaribia kutosha.

Ninaporudisha skrubu za diski hupaka grisi kidogo kwenye nyuzi zake na kuzikaza kwa kiasi, kwa kuwa gurudumu likishafungwa, nati zake ndizo zinazoibana diski.