Kifaransa hakiingii chenyewe: jibu kwa anayejiandaa kwenda Ufaransa

Mkuu, umeuliza kama ukifika Ufaransa na B1 yako, yaani kiwango cha kati, ya Alliance Française ya Dar, lugha itaingia yenyewe kwa kuishi na Wafaransa tu. Mimi nilisomea mji wa Besançon, pale CLA, kituo cha lugha cha chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1958, na jibu langu ni hapana. Nimeona watu wakimaliza mwaka mzima na Kifaransa kile kile cha darasani, na hawakuwa wavivu hata kidogo.

Angalia siku yenyewe inavyokwenda. Asubuhi uko darasani na Wachina, Wakolombia na Wasaudi, mbele ya mwalimu anayetamka kila neno taratibu. Mchana unakula kantini ya CROUS, shirika la umma la huduma za wanafunzi, mezani na wale wale wa darasani. Dukani unajilipia kwenye mashine bila kufungua mdomo. Tramu haina konda. Jioni bwenini unapiga simu nyumbani, unalala. Aliyekusikia ukisema Kifaransa siku nzima ni mwalimu, ambaye kukuelewa ndiyo kazi yake.

Kinachobadilisha mambo ni kuwa na mahali ambapo Wafaransa wanakutegemea kwa kazi fulani, kila wiki, watu wale wale. Mimi nilijitolea kwenye jiko la chama kimoja cha kugawa chakula, tunamenya viazi na karoti pamoja na wastaafu wa mjini. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akinituma vitu huku kanipa mgongo, sufuria inachemka, nusu ya sentensi kaimeza. Huoni mdomo, huoni mkono, na kitu kinatakiwa sasa hivi. Sikio langu lilifunguka pale kuliko kwenye zoezi lolote la kusikiliza.

Baadaye wakanipa kupokea simu. Hapo ndipo penye kazi! Mfaransa anakutajia namba yake mbili mbili: ukisikia "soixante" (sitini) mkono unaandika 6, kisha anaongeza "quatorze" (kumi na nne), kumbe ni 74, na wakati unafuta yeye ameshamaliza. Dawa yake ni kusubiri kila jozi ikamilike ndipo uandike, kisha umsomee namba yote. Hawakasiriki, wanafurahi kuona unataka uhakika.

Utakutana pia na Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili. Kuna wanaoshauri uwakimbie ili ulinde Kifaransa chako. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Hawa wamesomeshwa kwa Kifaransa tangu shule, na wanaelewa upesi mahali msemaji wa Kiswahili anapokwama. Na rafiki yangu wa Bukavu tulikuwa na utaratibu: wakati wa kupika, Kifaransa, tukikaa kula, Kiswahili, na hapo namuuliza yote yaliyonishinda wiki ile. Halafu ikifika mwishoni mwa Novemba, jua linazama hata saa kumi na moja haijafika, utahitaji mtu wa kucheka naye kwa lugha yako. Mtu mwenye upweke hajifunzi chochote.

Kwa kusikiliza, anza na taarifa ya RFI ya Kifaransa chepesi, dakika kumi tu, kila siku. Viza yako ya muda mrefu ya mwanafunzi ithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu ufike. Inakuruhusu kufanya kazi hadi saa 964 kwa mwaka, na kibarua chenye wateja kitakufaa kuliko cha ghalani, hata malipo yakiwa sawa.

Tena ukiweza fika mwanzoni mwa Septemba. Ndipo miji mingi ya Ufaransa hukusanya vyama vyote mahali pamoja, kwaya, soka, bustani, misaada, kila kimoja na meza yake. Jiandikishe siku hiyo hiyo, vingine hujaa.