Betri ya tochi iliyoandikwa 9,900 ilinipa 1,040

Mwaka jana nilinunua betri mbili za tochi za kuchaji, zile za aina ya 18650, ambazo jina lake hutaja umbo lake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwenye ganda la plastiki zilikuwa zimeandikwa 9,900 mAh kwa tarakimu za rangi ya dhahabu, nami, kwa kuwa mtaani kwetu umeme hukatika bila taarifa, nilijiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Usiku wa kwanza tochi haikumaliza hata saa moja kabla mwanga haujaanza kufifia.

Namba hiyo ya mAh, yaani miliampea-saa, ndiyo uwezo wa betri, na ina maana nyepesi: betri ya 1,000 mAh inaweza kutoa mkondo wa miliampea 1,000 kwa saa moja, au miliampea 500 kwa saa mbili. Kwa hiyo uongo wake unapimika. Niliagiza chaja yenye uwezo wa kupima, ambayo huijaza betri hadi volti 4.2, kisha huimaliza polepole kwa mkondo usiobadilika huku ikihesabu. Niliiweka kwenye miliampea 500, mkondo ambao betri ya 9,900 ingeuhimili kwa karibu saa 20, maana yake ningeikuta bado inafanya kazi kesho yake mchana. Umalizaji ulianza saa mbili usiku. Saa nne na dakika tano chaja ilikuwa imemaliza, na kioo chake kilionyesha 1,040. Nilidhani nimekosea mahali fulani, nikarudia kwa betri ya pili, ikatoa 985.

Kilichonishangaza zaidi kilitoka kwa fundi wa kompyuta wa jirani, aliyenipa seli moja, yaani betri ndogo ya umbo hilohilo, aliyoitoa kwenye betri ya laptopu iliyokufa. Ilikuwa chakavu, bila maandishi ya kujisifu, na siku za upya wake ilikuwa ya 2,600. Nilipoipima ilitoa 2,130, yaani zaidi ya mara mbili ya ile mpya ya dhahabu. Tulipoziweka zote mbili kwenye mzani wa jikoni, ya laptopu ilikuwa na gramu 46 na yangu gramu 33. Tangu siku hiyo mzani ndio kipimo changu cha kwanza, kwa sababu uwezo wa betri unatokana na malighafi iliyomo ndani, na malighafi hiyo ina uzito. Betri nzuri za umbo hili huwa na gramu 45 hadi 49.

Ukomo nao unajulikana. Kampuni kama Panasonic, Samsung na LG, zenye maabara na wahandisi wake, huandika kwenye betri zao bora za umbo hili kiasi cha 3,400 au 3,500. Kwa hiyo nikiona 5,000, 6,800 au 9,900 sihitaji hata kuipima, nairudisha mezani.

Hata hivyo, si kila upungufu ni wizi. Mtengenezaji hupima betri ikiwa mpya, kwa mkondo mdogo, katika joto la kadiri, na huimaliza hadi karibu volti 2.5, ilhali tochi nyingi hujizima au kufifia kabla ya hapo. Betri ya 3,400 ikinipa 3,150 sina ugomvi nayo.

Ikiwa tochi yako ina betri isiyotoka, nunua kipimo kidogo cha USB cha kuchomeka kati ya waya na adapta, uimalize tochi mpaka ijizime, kisha uichaji hadi ijae na usome mAh zilizoingia. Hesabu hiyo si kamili, kwa kuwa inategemea saketi ya kuchajia, lakini inatosha kutofautisha 1,200 na 5,000. Usijaribu kuipasua betri ili uone kilichomo, kwani seli za litiamu zikiguswa vibaya hushika moto, na ile iliyoshuka chini ya volti 2 isichajiwe tena.

Nilimrudia mwenye duka, si kwa ugomvi. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaniambia, «Kaka, niliwahi kuleta za 2,600. Zilikaa hapo miezi minne. Mteja anaziweka hizi mbili pamoja, anachukua yenye namba kubwa.» Sikuwa na jibu, maana mteja huyo nilikuwa mimi.

Siku hizi kila betri inayoingia nyumbani hupimwa kwanza, kisha huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika namba niliyoipata pamoja na mwezi wa kipimo. Zile mbili za dhahabu zimeandikwa 1,040 na 985, nazo ziko kwenye tochi za banda la kuku, ambako kazi yake ni ya dakika kumi kila jioni.