Saa ya kuhesabu hatua na mtoto asiyetulia darasani

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Mwalimu wake anasema hakai kitini hata dakika tano, na daktari ametuambia huenda ana ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza. Nilimnunulia saa ya kuhesabu hatua. Siku za shule inaonyesha hatua 9,000 hivi, Jumamosi 14,000. Sasa huo utukutu wa darasani uko wapi? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, mwalimu hajakudanganya, wala saa haijaharibika. Ndani yake mna kihisi kiitwacho akselerometa, kinachopima jinsi mwendo unavyobadilika pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Saa za dukani kwa kawaida hazikupi vipimo hivyo. Programu yake hutafuta mdundo wa kutembea, na mdundo usipoendelea kwa hatua kadhaa huutupa. Mtoto anayejipindapinda kitini, anayechezesha miguu chini ya dawati, anayesimama na kuketi kila mara, huenda asipate hata hatua 100 kipindi kizima. Jumamosi akicheza mpira anapata maelfu, kama watoto wenzake wote mtaani.

Utukutu wa ADHD hujitokeza hasa pale mtoto anapotakiwa kutulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliwavalisha vifaa vya kurekodi mwendo wavulana 12 wenye utukutu uliopitiliza na wenzao 12 wasio nao, usiku na mchana, wiki nzima. Wale wa kwanza walijongea zaidi hata wikendi na hata usingizini, lakini pengo lilionekana zaidi wakati wa masomo darasani. Kwa hiyo jumla ya siku iweke kando, uangalie kipindi.

Kifaa kinachofaa ni kile kinachohifadhi vipimo ghafi, yaani vya kihisi chenyewe kabla ya kuchujwa, angalau 30 kwa sekunde, kisha kuvijumlisha kwa vipande vya sekunde 10 au 15. Kipande cha dakika nzima huzificha purukushani za mtoto, maana nyingi ni za sekunde chache tu. Mvalishe mkono asioandikia, la sivyo hata imla itahesabiwa kuwa utukutu. Kiunoni hunasa kutembea lakini hukosa mikono. Kwenye kifundo cha mguu hunasa miguu inayobembea. Ukishachagua sehemu, usihame, kwa sababu namba za mkononi na za kiunoni hazilinganishwi. Mkanda upitishe kidole kimoja tu. Ukilegea, kifaa hucheza chenyewe. Avae siku 7, na ya kwanza uiondoe kwenye hesabu, kwani watoto wengi hukitikisa kifaa waone itakuwaje.

Vipimo vingi huharibikia kwenye daftari. Andika kila kipindi, mapumziko, safari, na kila kifaa kinapovuliwa. Na hapa sisi tuna mtego wetu: kifaa kinaandika 08:00, mzazi anaandika saa 2:00. Anayechambua akiisoma hiyo kuwa saa 2:00 ya kizungu, katika kipindi cha hisabati mtoto ataonekana amelala fofofo! Amueni mapema mtatumia saa ipi, na mlinganishe kifaa na saa ya shule. Tofauti ya dakika 10 inatosha kuingiza mapumziko ndani ya somo. Bodaboda nayo: mtoto aliyetulia tuli kwenye barabara ya makorongo huonekana kwenye grafu kama anayeruka. Sufuri mfululizo kwa dakika 60 za mchana, kwa kawaida kifaa kimevuliwa. Usizihesabu kuwa utulivu.

Grafu peke yake haithibitishi ADHD. Daktari anahitaji dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana mahali pawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni. Tena wapo watoto, wasichana wengi miongoni mwao, ambao shida yao ni umakini tu. Grafu zao huweza kuwa tulivu kabisa huku masomo yanawapita.

SWALI: Mwanafunzi wangu ameanza kupewa methilifenideti, dawa ya ADHD, na amevalishwa kifaa cha kupima mwendo. Kitatuonyesha kama dawa inafanya kazi? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Kwa sehemu, Mwalimu, iwapo mlipima wiki moja kabla ya dawa kwa ratiba ileile. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe: kipindi kilekile, somo lilelile. Panga namba za siku hizo kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati, ili siku moja ya vurugu isivute hesabu yote. Dawa ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa nne. Akiimeza saa 1:00 asubuhi, tazama vipindi vya saa 2:00 hadi saa 4:30. Mwendo ukipanda tena baada ya saa 5:00, huenda dawa imekwisha nguvu, na hilo ni la kumwambia daktari. Dozi asibadilishe mtu kwa kuangalia namba za kifaa.

Kando ya namba hizo, andika maswali mangapi kamaliza na mangapi kapata. Mwendo ukishuka huku daftari likibaki tupu, au mtoto amekuwa mzito, haongei, chakula cha mchana kakiacha, mpe mzazi taarifa siku hiyohiyo amrudishe kliniki.