Bureti nne na mwaka 2050

SWALI: Shikamoo Mzee. Ninafundisha kemia shule ya kata huku Newala. Wanafunzi 62 wana bureti 4, yale mabomba ya kioo ya kupimia vimiminika, na moja imekatika ncha. Redioni nasikia Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, kwamba sayansi na utafiti ni vichocheo vya uchumi. Kwa nini serikali isinunue vifaa leo, mipango ya miaka 25 ikangoja?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umenigusa, maana nimezeekea kwenye mikorosho ya mkoa wako.

Msimu wa 1973/74 nchi nzima tulivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilibaki kama 16,500. Bei mbovu ilichangia, na wakulima kuhamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, kukachangia. Lakini waliobaki shambani waliona jambo jingine: unga mweupe juu ya maua na majani machanga, kisha ua linakauka. Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu.

Dawa iliyofanya kazi ni salfa, hiyo hiyo unayoifundisha darasani. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo huko Mtwara, ilibidi wajue mti mmoja upate kiasi gani, ipulizwe lini, irudiwe mara ngapi. Na mkorosho una msimu mmoja wa maua kwa mwaka. Ukikosea Julai hii, unangoja Julai ijayo. Ukitaka mti wenyewe uvumilie ugonjwa, safari ni ndefu zaidi: unachagua mti mama, unabebesha miche, unapanda, unangoja miaka hadi izae, halafu unapima mavuno misimu kadhaa mfululizo, kwa sababu msimu mmoja mzuri unaweza kuwa ni mvua tu. Msimu wa 2017/18 nchi ilipita tani 300,000. Nyuma yake kuna kazi ambayo bajeti ya mwaka mmoja isingeifikisha popote.

Nilipata kufanya kazi kituo kimoja ambako fedha zilikatika jaribio likiwa mwaka wa sita. Hapakuwa na dizeli ya trekta wala malipo ya vibarua wa palizi. Septemba moto wa majani ukaingia, ukala safu nane. Daftari langu la takwimu ninalo mpaka leo, na hakuna mkulima aliyefaidika nalo. Waliookoa fedha za mwaka mmoja waliteketeza miaka sita. Bado inaniuma.

Ndiyo maana mpango wa mbali nautaka sana, ila nausoma nikitafuta kitu kimoja: mwaka wa saba analipa nani? Januari 2007, Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimizana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi hazijafika hapo. Kwetu COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ipo kwa sheria ya 1986. Hofu yangu ni bajeti ikibana: utafiti hupunguzwa mapema, kwa kuwa pengo lake halionekani mwaka huo.

Bureti zako zimo ndani ya mpango huo huo, na sikubali zingoje. Mtoto wa kidato cha kwanza mwenye miaka 14 mwaka 2026 atakuwa na 38 ifikapo 2050. Huyo ndiye tunayemtegemea asimamie majaribio, na anatakiwa ajue kusoma kipimo kwa jicho lake mwenyewe. Peleka orodha ya vifaa kwa bodi ya shule na kwa diwani kabla halmashauri haijafunga makisio yake, na uandike wazi wanafunzi wangapi wanagombea bureti moja.

Halafu msimu wa kupuliza salfa ukifika, omba ruhusa kwa mkulima jirani, watoto wachague matawi kumi, wahesabu kila wiki maua yenye unga na yaliyo safi, waandike na tarehe. Mwaka unaofuata darasa jipya lirithi daftari lile lile, matawi yale yale. Mkimaliza msimu wa kwanza, niandikie mmepata nini.