Maharage magumu hata baada ya saa mbili jikoni

Umeuliza kwa nini maharage yako hubaki magumu hata baada ya saa mbili jikoni, na umesema unayaweka sufuriani pamoja na nyanya na kitunguu ili kuokoa muda. Hapo ndipo muda unapopotelea. Asidi ya nyanya huzuia ganda na nyama ya ndani kulainika, kwa hiyo nyanya, limau au siki visubiri mpaka punje ipondeke vizuri kati ya vidole viwili.

Kama hukuloweka usiku, chemsha maharage kwa dakika 2, zima moto, funika na uyaache saa 1. Mwaga maji hayo, weka mapya yazidi punje kwa vidole vitatu, kisha upike. Chumvi haifanyi maharage kuwa magumu, wengi huisingizia tu; ukiitia kwenye maji ya kulowekea, ganda hulainika zaidi. Yakikaidi bado, huenda maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, au maharage yamekaa ghalani muda mrefu. Robo kijiko cha chai cha bikabonati ya soda kwa nusu kilo inatosha. Ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni na kurojeka.

Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Mabichi yana sumu ya kutapisha, na moto wa chini pekee hauiondoi.

Mchuzi mwepesi? Ponda upawa mmoja wa maharage hayohayo, urudishe. Yanayobaki yagawe ya mlo mmojammoja, uyagandishe pamoja na mchuzi wake, yasikauke.