Mwanao Amekuwa Mwanajeshi: Fahari Hiyo Uiweke Wapi?

Swali la kwanza utakaloulizwa mtaani mwanao akichukuliwa jeshini si "anaendeleaje". Ni "mlitoa ngapi?" Mimi nimeulizwa msibani, nimeulizwa sokoni, na mzee mmoja aliniuliza tukiwa dirishani kwa wakala wa pesa, kwa sauti ya chini. Hana ubaya. Ana kijana aliyemaliza kidato cha nne anayeshinda kijiweni, na ameshaamini kwamba binti yangu aliingia kwa mlango wa nyuma. Anachotaka kwangu ni namba ya simu ya huyo aliyeufungua.

Hatukutoa hata mia. Nalijibu hivyo, kavu, bila tabasamu, na nawashauri wazazi wenzangu mjibu hivyo hivyo. Kuna utamu fulani katika kutikisa kichwa na kusema "aah, ni mipango tu." Papo hapo unaonekana mtu mwenye watu wake. Lakini yule mzee ataondoka na neno hilo mpaka akutane na tapeli wa kumuuzia nafasi, na ng'ombe atauzwa. Jeshi na JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hutangaza kila mara kwamba nafasi haziuzwi na kwamba wanaochukua pesa kwa jina lao ni matapeli. Tangazo hilo halifui dafu mbele ya jirani aliyekonyeza jicho.

Nimeanza na hili kwa sababu linagusa fahari yetu wenyewe. Tusidanganyane, fahari ya kuwa na mtoto askari ina chembe ya madaraka ndani yake. Watu hukusalimia tofauti. Mimi leo wazee wa rika langu wananiita Baba Afande, nusu utani nusu kweli. Kuifurahia ni haki yako, umelea. Ukianza kuitumia, anayelipa ni mtoto.

Kabla ya hapo kuna jambo wazazi wengi huchanganya. Kijana anayemaliza kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Anakaa miezi michache, anarudi, anakwenda chuo. Huyo hajaajiriwa na mtu. Wa kujitolea, kama binti yangu, huomba kuanzia wilayani, na akichaguliwa mkataba wake ni wa miaka 2. Hata hapo JKT husema waziwazi kwamba halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira. Akimaliza anarudi nyumbani na alichojifunza, kilimo, ufugaji, ufundi. Wanaochukuliwa na JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), Polisi au Magereza wakiwa kambini ni baadhi tu.

Sasa nimeshaona sherehe ya kumuaga kijana anayekwenda kujitolea: turubai, muziki, mbuzi wawili, na mjomba mtu ameshika kipaza sauti anatangaza kwamba ukoo sasa una kamanda. Miaka 2 ikaisha, kijana akarudi. Hakufukuzwa, hakufeli, alimaliza mkataba wake salama. Lakini kwa muda mrefu alikuwa akitoka nje jioni tu, kwa sababu mchana angekutana na waliokula wale mbuzi. Sherehe isubiri. Pilau la nyumbani na dua vinatosha kumsindikiza.

Kisha kuna kimya. Simu haziruhusiwi kambini wakati wa mafunzo, na hakuna atakayekutumia picha kukuonyesha kwamba mwanao amekula. Binti yangu alianzia kambi ya JKT ya Mafinga, huko Iringa kwenye baridi, naye ni mtoto wa Korogwe aliyezoea kulala kwa khanga moja. Mama yake alikuwa akiangalia utabiri wa hali ya hewa wa Iringa kila taarifa ya habari. Baadaye, alipochaguliwa JWTZ, alipelekwa Kihangaiko kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi, na kimya kikaanza upya. Kihangaiko ni pale upande wa Msata. Ukitoka kwetu kwenda Dar, basi likishavuka Wami unafika Msata. Utingo anaita "Msata, Msata kushuka!", mama mwenye madumu anashuka, basi linaondoka. Kila nilipopita nilikuwa nakaa wima kitini kana kwamba kuna mtu anayenikagua. Lakini sikushuka. Ningeshuka ningefanya nini?

Nakuomba na wewe usishuke. Usitafute "mtu wa ndani" wa kukupelekea salamu. Binti yangu alinisimulia mama aliyepata namba ya mkufunzi akampigia kumwombea mwanawe apunguziwe mbio kwa kuwa kifua chake ni chepesi. Mwanawe alizijua habari za simu hiyo siku hiyo hiyo, mbele ya kombania nzima, na jina la utani alilopata hapo hajalivua hadi leo. Kama mtoto ana pumu, kifafa au tatizo la moyo, mahali pa kulisema ni kwenye vipimo vya afya kabla hajaanza. Wapo wazazi wanaomfundisha mtoto kumficha daktari. Hilo ni kumtuma akaanguke njiani kwenye mchakamchaka, mbali na kwenu.

Siku ya kufunga mafunzo ya JKT, nendeni. Kopeni nauli ikibidi. Hapa ndipo pa kuimwaga fahari yote. Siku yetu kule Mafinga walipita mbele ya jukwaa kwa mwendo wa pole, kisha wa haraka, bendi inapiga, vumbi halijui mgeni rasmi ni nani. Mabinti wote wamenyolewa, wote wamekonda sawa, wote wanatazama mbele. Mama yake aliwapungia mkono mabinti watatu tofauti. Mimi nilimtambua kwa masikio, kwa sababu nywele zilikuwa zikiyafunika tangu utoto na sasa yalikuwa nje, masikio ya ukoo wetu. Nililia. Mzee wa kando yangu naye alikuwa analia, tukapeana leso moja bila kuulizana majina.

Walipoachiwa akaja kwetu karibu anatembea kwa mguu wa gwaride. "Shikamoo baba." "Marahaba, mama." Bibi yake, ambaye ni mama yangu mzazi, tulikuwa tumembeba safari nzima ile kwa sababu alikataa kubaki. Akamshika mkono akamuuliza, "Umeshiba mjukuu wangu?" Binti akajibu kwa sauti ya uwanjani, "Ndiyo afande!" Bibi tangu siku hiyo hakubali kuitwa bibi na huyo mjukuu mmoja.

Mkirudi nyumbani ndipo kazi yako inapoanza. Askari akija likizo, kombati yake ikifuliwa ianikwe mahali pa kuonwa na ninyi, si na barabara nzima. Mdogo wake wa kiume atataka kuivaa apige picha. Kataa, hata kama ni mzaha wa uani. Sare ya jeshi kwa raia ni kosa kisheria, na Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo. Picha ya mdogo mtu ikisambaa, atakayeulizwa kwanza ni mwenye kombati. Picha zake mwenyewe nazo waachie yeye aamue. Mimi kwenye simu yangu ninazo nyingi, kwenye status sijaweka hata moja yenye jina la kikosi au inayoonyesha kambi. Habari ya "leo mwanangu anasafiri kikazi, mumuombee" usiiandike popote. Mungu anasikia hata usipotaja tarehe.

Lakini mtihani mkubwa kuliko picha ni mashamba. Shangazi yangu ana mgogoro wa mpaka na jirani yake, wa siku nyingi, kuhusu mistari michache ya mihogo. Binti alipokuja likizo ya kwanza, shangazi akafika alfajiri. "Mwambie aje tu na wenzake wawili, wamevaa. Hawatasema neno. Wasimame tu shambani." Wasimame tu! Nilimwambia shangazi kwa heshima zote kwamba askari akisimama shambani kwa mtu kumtisha, jirani ataandika barua, na barua itafika kikosini. Shangazi atabaki na mihogo yake, mwanangu atabaki na mashtaka, pengine bila kazi. Alinuna miezi. Tukaenda Baraza la Kata, lilichukua muda mrefu, mpaka ukarudi sehemu tu. Ndivyo ilivyo. Utakutana na shangazi wako, na atakuja na hoja nzuri kuliko za wangu. Mkatalie wewe, tena kabla mtoto hajaamka, ili lawama ya ukoo ibaki kwako na yeye asiwe amemkosea bibi mtu.

Pesa nitaisema kwa ufupi. Mshahara wa askari wa cheo cha chini ni mshahara wa kuanzia maisha, na benki zinawapenda sana hao vijana kwa kuwa makato hayakwepeki. Usiwe wewe wa kumsukuma achukue mkopo mwaka wa kwanza aje kukuezekea nyumba. Bati langu linavuja upande wa jikoni. Linavuja tangu yuko darasa la tano, na bado tunapika.

Kwa wenye mabinti, jiandaeni na wimbo wa "nani atamuoa". Tena wanaouimba ndio hao hao wanaotaka awatafutie vijana wao nafasi. Mwanajeshi huomba ruhusa kazini kabla ya kuoa au kuolewa, kwa hiyo msimpangie mahari na tarehe kwenye kikao asichokuwepo. Basi.

Linalobaki ni lile tusilopenda kulitaja. Wanajeshi wetu wanakwenda Kongo, Afrika ya Kati, Lebanoni, na walikwenda Darfur. Julai 2013 saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, ilivamiwa na siku ile tulipoteza 14. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mwenye kijana Kongo wakati huo. Usiku ule watu walimpigia simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka kujua kama ni mwanawe, na kila simu ikilia yeye anadhani ndiyo yenyewe. Kijana alikuwa mzima, tena hakuwa kambi ile. Kama una jirani mzazi wa askari na umesikia habari mbaya, usipige. Nenda ukakae naye, au kaa kwako. Na wewe mzazi, toka kwenye makundi ya WhatsApp kwa siku hizo, kwani majina yatakayozunguka humo ni ya kubahatisha. Likiwapo la kukuambia, jeshi litakufikia.

Mama yangu ana namna yake. Kaka yangu mkubwa alikwenda vita vya Kagera na mgambo, 1978, na kwa miezi yote ile nyumba yetu iliishi na redio moja, betri zikianikwa juani zikiisha nguvu. Alirudi, wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Mama hajawahi kumuuliza kaka aliona nini, na sasa hamuulizi mjukuu yuko wapi wala anakwenda lini. Anauliza kama amekula, anaeleza habari za kuku, anakata simu. Binti yangu aliwahi kuniambia kwamba bibi ndiye anayempigia akiwa amechoka, kwa sababu kwa bibi hatakiwi kuwa askari wala kuthibitisha kwamba yuko salama. Nimeiga. Zamani simu zangu zilikuwa na maswali mengi, sasa nampa habari za mtaa na matokeo ya timu yetu ya Coastal Union, hata yakiwa mabaya.

Kama wako ameitwa na anaondoka karibuni, chukueni orodha ya vifaa iliyo kwenye tangazo mkaifuate neno kwa neno: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, raba, shuka mbili za bluu bahari, nguo za baridi kama kambi yake ni ya baridi, vyeti halisi, nauli ya kwenda na ya kurudi. Shuka nunueni mapema. Majina yakishatoka, wauza shuka sokoni nao huwa wameshasoma tangazo, na bluu bahari inapanda bei siku hiyo hiyo.